Maswali Yenu: Nikope au Nisikope?

Barua za safari hii zinatofautiana kwa maneno, lakini nyingi zinauliza jambo moja. Tumechagua sita. Hesabu tumeziandika kwa tarakimu tupu bila kutaja sarafu, ili kila msomaji aweke fedha ya kwao, na marejesho tumeyasogeza hadi namba nzima iliyo karibu.

Mshahara unaoingia mkononi mwangu ni 520,000 kwa mwezi. Paa la nyumba linavuja na fundi amepiga hesabu ya 1,200,000. Mkopeshaji anasema kwa mshahara wangu ninastahili hadi 3,000,000. Nichukue kiasi gani, na nitajuaje kama nitaweza kulipa?
*Mwajiriwa, mama wa watoto watatu*

Dada, hiyo 3,000,000 iweke kando kabisa. Ni hesabu ya mkopeshaji, na anachokiangalia yeye ni kama makato yatapatikana kwenye mshahara wako kila mwezi. Hajui ada za watoto, hajui mzazi anayekutegemea, hajui mwezi ambao mtoto mmoja ataumwa. Hesabu yako inaanzia upande wa pili, kwenye matumizi.

Chukua ujumbe wa malipo kwenye simu na taarifa ya akaunti ya benki, uandike kila kilichotoka kwa miezi mitatu iliyopita. Usikadirie. Anayekadiria husahau vitu vidogo vya kila siku, na hivyo ndivyo vinavyokula fedha. Tuseme wastani umekuja 395,000. Sasa ongeza matumizi yasiyotokea kila mwezi lakini yanayojulikana yatakuja: ada, sare, matibabu, sikukuu, michango. Yajumlishe kwa mwaka mzima kisha gawa kwa 12. Yakiwa 240,000, ni 20,000 kwa mwezi. Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo maana mkopo huenda vizuri miezi miwili ya mwanzo halafu ukaanza kusumbua shule zinapofunguliwa.

520,000 ukitoa 415,000 inabaki 105,000. Usiipeleke yote kwenye rejesho. Acha 25,000 ya dharura, ubaki na 80,000. Hicho ndicho kipimo chako, na kila mkopo utakaoelezwa ulinganishe nacho.

Sasa tazama mkopo wa 1,200,000 kwa riba ya 18% kwa mwaka, inayotozwa kwenye salio la deni. Ukilipa kwa miezi 12, rejesho ni 110,016 na riba yote inafika takriban 120,000. Kwa miezi 24 rejesho linashuka hadi 59,909, lakini riba inapanda hadi takriban 238,000. Kwa miezi 36 ni 43,383, na riba takriban 362,000. Wa mwaka mmoja huuwezi. Wa miaka miwili unauweza, ila paa litakugharimu karibu mara 1.2 ya bei ya fundi. Wa miaka mitatu tungekushauri usiuguse, kwa sababu kipimo chako hakikulazimishi kufika huko.

Ipo njia nyingine ambayo mkopeshaji hatakutajia. Weka hiyo 80,000 kila mwezi kwa miezi mitano upate 400,000, kisha kopa 800,000 tu kwa miezi 12. Kwa riba ileile rejesho ni 73,344 na riba yote takriban 80,000. Utakuwa umemaliza kila kitu ndani ya miezi 17 badala ya 24, na umeokoa kama 158,000. Zaidi ya hayo, miezi mitano ya kuweka akiba ni jaribio. Ikiwa katika miezi hiyo umeshindwa mara mbili kuitenga 80,000, umeshapata jibu lako kabla ya kusaini chochote, na hakuna anayekudai.

Mwulize fundi kama anaweza kuanza na upande unaovuja zaidi. Lakini kama maji yanafika kwenye nyaya za umeme au ukuta umeanza kumomonyoka, usisubiri miezi mitano. Hapo chukua wa miezi 24, na kabla ya kusaini hakikisha mkataba unakuruhusu kulipa zaidi ya rejesho bila adhabu, ili mwezi ukiwa mzuri upunguze deni.

Nina ofa mbili za mkopo wa 1,200,000 kwa mwaka mmoja. Mmoja anatoza 12%, mwingine 18%. Ndugu zangu wananishangaa kwamba bado nafikiria. Kuna kitu sikioni?
*Mfanyabiashara mdogo*

Kipo, na umefanya vizuri kusita. Uliza riba inatozwa juu ya nini.

Riba ya 12% ikitozwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, hesabu ni hii: 1,200,000 mara 12% ni 144,000. Jumla 1,344,000, ukigawa kwa 12 unapata rejesho la 112,000. Riba ya 18% inayotozwa kwenye salio linalopungua, kama tulivyoona kwa dada hapo juu, inatoa rejesho la 110,016 na riba ya takriban 120,000. Yaani ile ya "12%" ni ghali zaidi kwa kama 24,000.

Sababu yake ni rahisi kuiona. Katika mkopo unaolipwa kila mwezi, hukai na 1,200,000 kwa mwaka mzima. Mwezi wa sita umesharudisha karibu nusu. Mkopeshaji wa kwanza anaendelea kukutoza riba kwenye fedha ulizokwisha kumrudishia. Ukiigeuza riba yake iwe ya salio linalopungua, inakuwa takriban 21.5% kwa mwaka. Ndiyo namba ya kulinganisha na 18%.

Jihadhari pia na riba inayotajwa kwa mwezi. "Asilimia 3 tu" kwa mwezi ni 36% kwa mwaka, na kwa wiki 3% ni zaidi ya 150%.

Kisha kuna ada. Tuseme kila mmoja anakata ada ya kushughulikia mkopo 3% na bima ya mkopo 1%, na anazikata kabla fedha hazijakufikia. Umesaini 1,200,000, umepokea 1,152,000, na riba unalipia ile 1,200,000. Kama bidhaa unayotaka kununua inagharimu 1,200,000 kamili, tayari umepungukiwa 48,000, na wengi huziba pengo hilo kwa mkopo mwingine wa haraka.

Kwa hiyo kila mkopeshaji mwombe maandishi yenye namba hizi: fedha zitakazoingia mkononi mwako, rejesho moja, idadi ya marejesho, na jumla ya yote utakayolipa. Toa ya kwanza kwenye ya mwisho. Tofauti hiyo ndiyo bei ya mkopo, riba na ada pamoja, iitwe jina lolote. Ukilinganisha mikopo miwili ya muda mmoja kwa njia hii, hakuna asilimia itakayokuchanganya. Anayekataa kukuandikia namba hizo, mwache.

Huwa nachukua mkopo wa simu wa 100,000 kwa siku 30, narudisha 110,000. Nikishalipa tu nachukua tena, kwa sababu bila huo mwezi haufiki. Sasa ni karibu mwaka. Nitokeje?
*Kijana mwenye ajira ya kwanza*

Kwanza tazama ulichokwisha kulipa. 10,000 kila mwezi kwa miezi 12 ni 120,000, na bado unadaiwa 100,000. Umeulipa mkopo mara moja na zaidi, na haujapungua hata kidogo. Kama ungekuwa hulipi na deni linaongezewa 10% kila mwezi, mwisho wa mwaka lingefika takriban 314,000. Mikopo ya aina hii si mibaya kwa mtu aliyekwama siku tano akisubiri fedha ya uhakika. Inaumiza inapogeuka kuwa sehemu ya mshahara.

Kuacha ghafla kunashindikana kwa wengi, kwa sababu mwezi huo unaolipa 110,000 bila kukopa tena una pengo la 110,000 lote kwa mkupuo. Shuka kwa ngazi. Mwezi huu lipa 110,000 na ukope 75,000 tu, kwa hiyo kutoka mfukoni mwako zinatoka 35,000. Mwezi wa pili unadaiwa 82,500, kopa 50,000, unatoa 32,500. Wa tatu unadaiwa 55,000, kopa 25,000, unatoa 30,000. Wa nne unalipa 27,500 na umetoka. Miezi minne, 125,000 kwa jumla, na riba ndani yake ni 25,000.

Hiyo 35,000 ya mwezi wa kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Itafute kwa kuuza kitu usichotumia, au kazi ya ziada ya mwisho wa wiki, au kwa kumweleza ukweli mtu mmoja unayemwamini. Usiitafute kwenye programu nyingine ya mikopo. Mwenye mikopo mitatu ya siku 30 katika programu tatu huwa ameanza na mmoja na kutafuta wa kuuziba.

Mwezi wa tano, ile 27,500 uliyozoea kuitoa iendelee kutoka, safari hii kwenda kwenye akiba yako. Miezi minne mingine una 110,000, na mwezi ukigoma kufika unajikopesha mwenyewe.

Mambo mawili ya usalama. Programu inayotaka ruhusa ya kusoma namba zote kwenye simu yako inaweza kuzitumia kuwapigia watu wako ukichelewa, hivyo ikatae kabla ya kuisakinisha. Na yeyote anayekuambia utume ada ya usajili au ya bima ndipo mkopo utumwe, ni tapeli. Mkopeshaji halali anayetoza ada huikata kwenye mkopo au huitoza ofisini kwa stakabadhi.

Nimelipa mkopo wangu kwa miezi kadhaa na nimebakiza 700,000. Afisa mikopo ananipigia kila wiki: nimekuwa mteja mzuri, naweza kuongezewa hadi 1,200,000. Nitapata 500,000 mkononi. Nikubali?
*Mwalimu*

Mwalimu, hutapata 500,000. Mkopo wa kuongezewa mara nyingi ni mkopo mpya wa 1,200,000 unaolipa ule wa zamani, na ada hukatwa kwenye 1,200,000 yote. Ikiwa ada na bima ni 4%, zinaondoka 48,000. Unabaki na 452,000. Ile 700,000 uliilipia ada siku ulipokopa mara ya kwanza, sasa unailipia tena. Ungekopa 500,000 peke yake, 4% yake ni 20,000 tu. Ila hapo ungekuwa na marejesho mawili kwa pamoja, na hayo lazima yaingie kwenye kipimo cha mwezi wako.

Liko jambo jingine, na halijulikani sana. Uliza riba ya mkopo wa zamani inahesabiwaje ukiufunga mapema. Wapo wakopeshaji wanaotumia kanuni iitwayo ya 78: katika mkopo wa miezi 12 wanajumlisha 12, 11, 10 hadi 1, jumla 78, kisha mwezi wa kwanza unabeba sehemu 12 kati ya 78 za riba, wa pili 11, na kuendelea. Ukifika mwezi wa sita umebeba sehemu 57, yaani 73% ya riba yote, ingawa ni nusu tu ya muda. Ukiufunga hapo unaokoa 27% tu, na ukianza mkopo mpya unarudi kwenye ile miezi ya mwanzo yenye riba nzito. Anayeongezewa mkopo kila nusu ya muda hubaki kwenye miezi hiyo miaka yote.

Omba kwa maandishi salio la kufunga deni leo. Kisha jiulize kama ungeenda kuomba hiyo 500,000 endapo simu isingepigwa. Kama jibu ni hapana, mwambie afisa huyo ahsante.

Mwenzangu kazini ananiomba nimdhamini kwenye mkopo wa miaka miwili. Ni mtu mwema, na namwonea haya kukataa.
*Msomaji wa siku nyingi*

Wema wake hauna ubishi, na si hoja. Mtu mwema huumwa, huachishwa kazi, hufiwa. Ukisaini udhamini, jihesabu kuwa umekopa wewe: chukua rejesho lake na uliweke kwenye mwezi wako kama tulivyofanya kwa dada wa kwanza. Lisipotoshea, usisaini, maana mikataba mingi inamruhusu mkopeshaji kukufuata wewe bila kwanza kumaliza njia zote kwa mkopaji. Na udhamini huo unaweza kuhesabiwa dhidi yako siku utakapotaka mkopo wako mwenyewe.

Ukiamua kusaini, dai haya yaandikwe: kiwango cha juu unachokidhamini, tarehe ambayo udhamini unaisha, kwamba hauhusu mkopo wowote utakaoongezwa baadaye, na kwamba utajulishwa rejesho la kwanza likichelewa. Hilo la mwisho ni muhimu sana. Wadhamini wengi hupata habari mwezi wa sita, adhabu za ucheleweshaji zikiwa zimeshapanda. Chukua nakala ya mkataba na ya ratiba ya marejesho ukae nazo.

Ukikataa, kataa mapema na kwa neno moja: "Nimepiga hesabu zangu, haziruhusu." Usimwache akisubiri wiki mbili akidhani utakubali. Na kama una kitu kidogo cha kumpa bila kudai, mpe.

Nimesimamishwa kazi na nina marejesho 14 yaliyobaki. Rejesho linalofuata ni baada ya wiki mbili, na fedha niliyonayo inatosha chakula cha miezi miwili au marejesho matatu. Nifanyeje?
*Baba wa familia*

Pole sana, baba. Wiki mbili ulizo nazo zina thamani kubwa, zitumie leo.

Nenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe ya rejesho, ukiwa na barua ya kusimamishwa kazi na karatasi yenye hesabu yako: kinachoingia, kinachotoka, na kiasi unachoweza kulipa bila kushindwa. Mteja anayefika kabla ya kuchelewa huwa na njia zaidi kuliko anayefika baada ya kutafutwa. Omba moja kati ya haya: kulipa riba tu kwa miezi michache, kusitisha malipo kwa muda, au kurefusha muda ili rejesho lishuke. Yote yana gharama, kwani riba huendelea kuhesabiwa, kwa hiyo uliza jumla mpya ya utakayolipa ni ngapi. Makubaliano yasiyoandikwa usiyategemee. Afisa aliyekuahidi anaweza kuhamishwa kesho, na mfumo utaendelea kukuhesabia adhabu.

Soma pia hati ya bima ya mkopo. Mara nyingi hulipa mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Baadhi hujumuisha kupoteza kazi, na watu hawadai kwa kuwa hawakuisoma. Angalia muda wa mwisho wa kutoa taarifa, kwa sababu ukipita huwezi kudai tena.

Kama mshahara ulikuwa unakatwa moja kwa moja au akaunti yako ina agizo la malipo, fahamu kwamba fedha yoyote itakayoingia humo, hata msaada wa ndugu, inaweza kuchukuliwa siku ya rejesho. Zungumza na mkopeshaji kabla ya siku hiyo.

Kuhusu mpangilio: chakula, makazi na dawa vitangulie. Kisha deni ambalo likikushinda linachukua nyumba au chombo unachokitegemea kupata riziki. Kisha lenye riba kubwa. Madeni ya marafiki yanaweza kusubiri kwa mazungumzo ya wazi, ingawa moyo hutaka kuyatanguliza kwa ajili ya aibu. Usimalize fedha yote kulipa marejesho matatu ukabaki bila chakula, kwa sababu utakopa chakula kwa riba kubwa kuliko ya deni hili.

Na mtu akikuletea mkopo wa kausha damu, yaani wa haraka wenye riba kubwa mno, wa kulipia huu, mkatae hata kama rejesho ni kesho asubuhi. Rejesho moja lililochelewa kwa makubaliano lina adhabu inayojulikana, nayo imeandikwa kwenye mkataba ulio nao. Ufungue sasa, utafute kifungu cha ucheleweshaji, na uandike namba hiyo kwenye karatasi utakayokwenda nayo.